Jina, Nafsi na Ufundishaji wa Maangamizi ya Wayahudi

Ufundishaji wa Maangamizi ya Wayahudi yaliyotendwa na Wanazi wakati wa Vita Vikuu vya Pili umezaa mkabala unaoanzia kwenye nafsi ya mtu mmoja. Sababu yake ni wazi: idadi ya watu milioni 6 hukaririwa kwa urahisi, lakini haimwonyeshi mwanafunzi hata mtu mmoja. Hata hivyo, baadhi ya walimu huuelewa mkabala huo visivyo, wakamtaka mwanafunzi aigize kuwa mfungwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba igizo hilo halizai huruma. Humwondoa aliyeteswa na kumweka mwanafunzi mahali pake.

Njia iliyo bora ni kuanzia kwenye jina. Amri ya tarehe 17 Agosti 1938 iliwahusu Wayahudi wa Ujerumani ambao majina yao hayakuwamo katika orodha ya majina ya Kiyahudi iliyoidhinishwa na serikali. Kuanzia Januari 1, 1939, wanaume walilazimika kuongeza jina Israel, na wanawake Sara. Kiisimu, jina la mtu, ambalo dhima yake ni kumpambanua na wenziwe, liligeuzwa kuwa alama ya kundi. Baadaye, huko Auschwitz, walioandikishwa kuwa wafungwa walichorwa nambari mkononi kwa sindano na wino. Waliopelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi hawakupewa hata nambari.

Yamkini itasemwa kwamba kushughulikia majina ya watu binafsi huficha mfumo uliowaua. Pingamizi hilo lina uzito, lakini amri yenyewe inalijibu: kila jina lililoongezwa lilipaswa kuandikwa na karani ofisini. Anayelifuata jina hukutana na dola.

Taasisi ya Yad Vashem, Jerusalem, imekusanya fomu zilizojazwa na jamaa na marafiki wa marehemu: jina, wazazi, mahali pa kuzaliwa, kazi. Jumba la makumbusho la Washington, lililofunguliwa mwaka 1993, huwapa wageni kadi zenye habari za maisha ya watu halisi. Nyenzo hizi humfaa mwanafunzi anayejua asili ya jina lake mwenyewe, mradi akumbuke kwamba jina analolisoma si lake. Kumhurumia mtu si kujifanya yeye, bali ni kukiri kwamba alikuwa na nafsi yake, ambayo hapana mwingine awezaye kuivaa.