Serikali ndogo, mzigo mkubwa

Nchini Ufaransa serikali hutumia zaidi ya nusu ya pato la taifa. Tanzania haifiki hata robo. Hivyo wanaolalamika kwamba serikali zetu ni kubwa mno wanakosea. Zahanati yenye muuguzi mmoja na kabati tupu la dawa ni dalili ya serikali ndogo. Watasema: mbona Kenya mwaka 2024 vijana waliingia barabarani hadi Mswada wa Fedha ukaondolewa? Ni kweli, na hasira ile ilikuwa ya haki kabisa. Lakini waliikataa kodi ambayo sehemu yake kubwa ingemezwa na madeni kabla ya kufika hospitalini. Mwenye duka anayeona bomba la mtaani kwake linatoa maji hulipa kodi bila kusukumwa. Bunge lianze na bomba hilo, kodi mpya zifuate.