Kompyuta Mpya Ikizima, Usikimbilie Bisibisi

Wakulima wenzangu, kompyuta mpakato niliyonunua Kariakoo kwa ajili ya kumbukumbu za vikundi vyetu ilizima wiki ya tatu tu. Fundi wa hapa Bagamoyo alishashika bisibisi. Nikamwambia, kaka, usiifungue!

Mimi naona haki zetu tunazipoteza kwa haraka na aibu. Ukiifungua, umempa muuzaji sababu. Na kweli alianza: "Umeme wenu huko una shida." Nikatoa risiti ya EFD na kadi ya waranti yenye namba ya mashine. Maneno yakaisha, nikawekewa diski mpya bure. Angekataa, ningepeleka malalamiko Tume ya Ushindani, inayomlinda mlaji kwa Sheria ya mwaka 2003.

Ila orodha ya wakulima niliyoichapa wiki zote tatu haikurudi. Waranti inalipa chuma, hailipi jasho lako. Weka nakala pengine.

Risiti nayo hufifia kwa joto, ipige picha siku hiyohiyo. Ni kama mfuko wa mbegu wenye lebo ya TOSCI: hatuutupi mpaka tuvune.