Masomo yakifungwa, nyumba zetu za Kindu zifanye nini?



Kila mwezi wa tisa wazazi wa Kindu tunaulizana jambo moja: je, mwaka huu masomo yatafunguliwa kweli? Swali hili lina sababu. Mwezi wa tisa 2024, mwaka wa masomo ulipoanza, walimu wa shule za serikali katika majimbo kadhaa ya nchi yetu walikuwa katika mgomo. Mwaka 2021 pia madarasa mengi yalikaa matupu kwa majuma kadhaa. Kabla ya hapo, ugonjwa wa korona ulifunga shule zote za nchi tangu mwezi wa tatu 2020. Madarasa ya chini yalingoja hadi mwezi wa kumi, kisha shule zikafungwa tena kutoka Desemba hadi Februari 2021. Na mwanzoni mwa 2025, Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa M23, watoto wa jirani zetu wa Kivu walikimbia pamoja na wazazi wao, na daftari zao zikabaki nyuma.

Tuhesabu kidogo. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2019 amekutana na mlango uliofungwa mara nyingi kabla hajamaliza shule ya msingi. Ndiyo maana tunakuta mtoto wa darasa la tano anayeimba vizuri katika kwaya, lakini ukimpa Biblia asome mstari mmoja, anaangalia chini.

Tusikimbilie kumlaumu mwalimu. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu mwezi wa tisa 2019 serikali ilianza kutimiza neno hilo, na tulifurahi sana, kwa sababu watoto waliokuwa wanafukuzwa kwa kukosa pesa walirudi. Lakini madarasa yalijaa kupita kiasi. Pesa ambazo wazazi walikuwa wanamwongezea mwalimu zilikoma, mshahara haukutosha, na wako walimu wanaofundisha bila jina lao kuwa katika orodha ya malipo. Jambo hili linatugusa sisi Waprotestanti moja kwa moja. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, shule nyingi ziko chini ya usimamizi wa makanisa, na mshahara wa walimu unatoka serikalini. Mwalimu aliyegoma ndiye shemasi wetu, ndiye mama anayeketi nasi siku ya Mungu.

Basi, kumfundisha mtoto nyumbani wakati wa mgomo ni kumvunja mwalimu nguvu? Tunaona sivyo. Mwalimu anadai haki yake kwa serikali, hadai kwamba mtoto asahau kusoma. Atakaporudi, atafurahi kukuta watoto ambao hawajapoteza kila kitu.

Wengine wanatuuliza: kwa nini tusiwatoe watoto kabisa, tuwafundishe nyumbani miaka yote? Huko Marekani ziko familia nyingi za Kikristo zinazofanya hivyo, na sheria inaruhusu katika majimbo yote 50. Hapa kwetu, kifungu kilekile cha 43 kinawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya kuwalea na kuwafundisha watoto wao. Lakini tuseme ukweli: mtoto wetu anahitaji mtihani wa serikali na cheti, na nyumba nyingi hazina hata kitabu kimoja cha hesabu. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: mtoto abaki ameandikishwa shuleni, na nyumba iwe darasa ambalo halifungwi.

Kazi hii Mungu aliipa nyumba kabla shule haijakuwako. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, wazazi wanaagizwa kuwafundisha watoto maneno ya Mungu wakiketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Timotheo naye alipokea imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Tunaleta mambo machache ambayo nyumba yoyote ya Kasuku, Mikelenge au Alunguli inaweza kuanza kesho.

Kwanza, saa moja kila asubuhi, kabla ya shamba na soko. Saa moja isiyokosa inazidi siku nzima inayofanyika mara moja kwa mwezi.

Pili, tuanze na Kiswahili bila haya. Ni lugha moja kati ya lugha nne za taifa, na mtoto anayesoma vizuri lugha anayoielewa atakishika Kifaransa kwa urahisi zaidi. Asome mistari mitano ya Injili ya Marko, aieleze kwa maneno yake, kisha aandike miwili.

Tatu, mzazi asiyejua kusoma asijitoe. Amwambie mtoto: “Nisomee, kisha unieleze.” Akiona mtoto anababaika, amrudishe mwanzo kwa upole. Fimbo isiingie katika saa hii.

Nne, hesabu iko sokoni. Vipimo sita vya mchele ni franka ngapi? Chupa tatu za mawese je? Mteja ametoa noti kubwa, tumrudishie ngapi? Mtoto aandike majibu katika daftari.

Tano, nyumba nne za avenyu moja ziunganishe vitabu vyao. Kijana wa sekondari awasaidie wadogo Kifaransa. Redio nayo isisahauliwe: wakati wa korona, Radio Okapi ilirusha masomo ya watoto.

Sita, binti apewe saa ileile anayopewa kaka yake. Masomo yakifungwa, yeye ndiye anatumwa maji, kuni na kubeba mtoto, na mara nyingi ndiye asiyerudi darasani.

Makanisa nayo yana sehemu. Jengo letu linakaa bila watu kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Tulifungue mchana kwa watoto wa kusoma, pamoja na wale waliokimbia vita. Na tumkumbuke mwalimu kwa kikapo cha mchele na mihogo, na tuseme kwa ajili yake mbele ya wakubwa.

Masomo yatakapofunguliwa, mtoto apeleke daftari lake la nyumbani kwa mwalimu, amwonyeshe alipofika. Tuanze na daftari moja na kalamu moja. Bwana awape wazazi wote uvumilivu.