Muuguzi wa zahanati ndiye anayeanza, hema huja baadaye

Tangu Desemba 3, 2023, mvua kubwa mkoani Manyara haipokelewi tena bila hofu. Alfajiri ya Jumapili hiyo tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani, kikiwamo Gendabi. Watu 89 walipoteza maisha na zaidi ya 100 walijeruhiwa.

Serikali ilipeleka wataalamu, dawa na askari. Hata hivyo, msaada wa kutoka mbali huchukua saa kadhaa kufika, na ni katika saa hizo majeruhi wengi hupona au hufa. Swali la kujiuliza ni hili: je, muuguzi aliye karibu na tukio, iwe Katesh au Masieda kule Mbulu, anao ujuzi wa kuhudumia majeruhi 40 chini ya turubai kabla daktari hajafika?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka hospitali ya muda yenye huduma ya upasuaji iweze kulaza wagonjwa 20 na kufanya operesheni kubwa 7 kwa siku. Kazi hiyo haiwezekani kama wauguzi wanajua taratibu za wodini pekee.

Ujuzi wa kwanza ni kupanga wagonjwa kwa rangi. Anayeweza kutembea hupewa kijani. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au asiyeweza kufuata agizo jepesi, ni nyekundu, naye hutangulia. Njano anaweza kusubiri kidogo. Nyeusi ni yule asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa. Hapa ndipo penye mtihani, kwa sababu anayepiga kelele sana mara nyingi si aliye hatarini zaidi, na ndugu zake hawatakuelewa kwa urahisi.

Pili ni majeraha ya tope. Wodini tumezoea kuona jeraha likishonwa mapema. Jeraha lililoingia tope huoshwa kwa maji safi mengi, nyama iliyokufa huondolewa, kisha huachwa wazi chini ya bandeji na kukaguliwa tena baada ya siku chache kabla ya kushonwa. Ukilishona siku hiyohiyo, unawafungia vijidudu ndani. Chanjo ya pepopunda nayo isisahauliwe.

Tatu ni mtu aliyebanwa na gogo au ukuta kwa saa kadhaa. Akinasuliwa ghafla, potasiamu kutoka kwenye misuli iliyoumia huingia kwenye damu na inaweza kusimamisha moyo. Inapowezekana, aanzishiwe dripu ya maji ya chumvi kabla ya kunasuliwa.

Nne ni maji na vyoo. Vyanzo vya maji vikichafuliwa, kipindupindu kinaweza kufuata. Muuguzi ajue kuchanganya klorini, kupanga sehemu ya kunawia mikono na kumtenga mgonjwa wa kuhara mapema.

Tano ni kumbukumbu na lugha. Kila majeruhi avishwe kitambulisho chenye jina, kijiji na dawa alizopewa. Mtoto aliyepotezana na wazazi asihamishwe bila maandishi. Na katika wilaya hizi, mzee anaweza kueleza maumivu yake vizuri zaidi kwa Kiiraqw au Kidatoga kuliko Kiswahili. Muuguzi mwenyeji ana hazina ambayo mtaalamu kutoka Dar es Salaam hana.

Ujuzi huu hauhitaji mashine za gharama, unahitaji mazoezi. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kamati hizo ziwashirikishe wauguzi wa zahanati kabla ya mvua, si baada ya mazishi. Baraza la Uuguzi na Ukunga nalo lingeweza kulihesabu zoezi la maafa, hata la nusu siku kila mwaka, katika mafunzo endelevu ya wauguzi.

Mkurugenzi wa halmashauri anayesoma hapa aanze na jambo dogo: aulize kila zahanati yake ina vitambulisho vya rangi vingapi, na nani amewahi kuvitumia. Majibu yatamwonyesha pa kuanzia.