SAFARI ZA DUNIA: Hekalu Lililopandishwa Mlimani



Kila niandikapo habari za mahali pa kale, hakosi mtu wa kuniuliza swali lile lile: "Bwana Mwandishi, mawe hayo yatatufaa nini? Je, si afadhali fedha za kuyatunza zijenge shule na zahanati?" Swali hilo si la kipumbavu, na haifai kulijibu kwa kicheko. Kwa hiyo leo nitawachukueni hata mahali ambapo dunia nzima ililazimika kulijibu, tena upesi, kwa sababu maji yalikuwa yakipanda. Mahali hapo ni Abu Simbel, kusini kabisa mwa Misri, karibu na mpaka wa Sudan.

Mto upitao pale si mgeni kwetu. Ni Naili, ule ule uanzao safari yake Jinja, utokapo katika Ziwa Victoria. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maji yafikayo Misri hutoka katika milima ya Uhabeshi. Lakini na maji yetu yamo. Kutoka mji wa Aswan kwenda kusini hata ndani ya Sudan, kingo za mto huo zaitwa Nubia tangu zamani za kale, na wenyeji wake ni Wanubi. Msomaji asiwachanganye hao na Wanubi wa Kibera, ambao babu zao walifika Kenya kutoka Sudan wakiwa askari wa Waingereza. Jina ni moja, lakini historia zao ni mbali mbali.

KAZI YA FIRAUNI

Katika karne ya 13 kabla ya kuzaliwa Kristo, Misri ilitawaliwa na Firauni aliyeitwa Ramesses wa Pili. Mfalme huyo alipenda sana kujenga, na hasa alipenda kujijengea jina. Pale Abu Simbel hakutumia matofali, wala hakuleta mawe kutoka mbali. Aliwaamuru mafundi wake wautoboe mlima wenyewe, wachonge ndani yake mahekalu mawili.

Mbele ya hekalu kubwa wameketi wafalme wanne, na wote wanne ni mtu mmoja, yaani Ramesses mwenyewe. Kila sanamu ina kimo cha mita 20 hivi, sawa na nyumba ya ghorofa sita. Moja ilivunjwa na tetemeko la ardhi zamani sana, na kichwa chake kimelala miguuni pake hata leo. Chini ya viti vya enzi wamechongwa mateka waliofungwa kamba, na miongoni mwao wamo watu weusi wa Nubia. Maana yake haihitaji mkalimani. Kila chombo kilichoshuka na mto kutoka kusini kilionyeshwa mapema ni nani aliye bwana wa nchi.

Ndani mna ukumbi wenye nguzo nane zilizochongwa kwa sura ya mfalme, na kuta zake zimejaa picha za vita vya Kadeshi, alivyopigana na Wahiti huko Shamu. Mwisho kabisa kipo chumba kidogo chenye sanamu nne zilizoketi: miungu watatu wa Misri, na Ramesses pamoja nao, kana kwamba naye ni mwenzao. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 22 Februari na 22 Oktoba, jua la asubuhi huingia mlangoni, likapenya ndani kiasi cha mita 60, likaziangaza sanamu hizo. Ile ya Ptah peke yake husalia gizani. Watu husafiri kutoka pembe zote za dunia ili kuishuhudia dakika hiyo.

Hekalu la pili, lililo dogo, lilitolewa kwa heshima ya mungu wa kike Hathor na ya malkia Nefertari. Mbele yake zimesimama sanamu sita, nne za mfalme na mbili za malkia, na kimo cha malkia ni sawa na cha mumewe. Katika kazi za mafundi wa Misri hilo ni jambo la nadra sana, kwa kuwa desturi yao ilikuwa kumchonga mke akifika magotini pa mfalme.

Karne nyingi zilipita, na mchanga wa jangwa ukayafunika mahekalu. Mwaka 1813 Msuisi aitwaye Johann Ludwig Burckhardt aliziona sehemu za juu za sanamu zikitokeza mchangani, na mwaka 1817 Mwitalia Giovanni Belzoni aliuondoa mchanga hata akaingia ndani. Vitabu vingi husema kwamba hao ndio waliogundua Abu Simbel. Lakini Wanubi walikuwa wakiishi papo hapo siku zote. Tutawarudia hao punde.

MAJI YAPANDA

Misri haina mvua ya kutosha, na watu wake hutegemea mto mmoja. Mwaka mmoja mafuriko yaliharibu mashamba, mwaka mwingine maji yalikuwa haba na njaa ikaingia. Kwa hiyo bwawa la kwanza lilijengwa Aswan, likamalizika mwaka 1902. Ukuta wake uliongezwa kimo mara mbili, na kazi hizo zilikwisha mwaka 1912 na mwaka 1933. Mwaka 1960 ndipo ilipoanza kazi ya Bwawa Kuu, iliyomalizika mwaka 1970. Nyuma ya ukuta wake lilitanda ziwa lenye urefu wa kilomita 500 hivi. Manufaa ya bwawa hilo ni makubwa na hayakanushiki: umeme ulipatikana, mafuriko yalidhibitiwa, na mkulima aliweza kulima mwaka mzima.

Lakini ziwa hilo lingeizamisha sehemu kubwa ya Nubia, pamoja na mahekalu yake. Serikali za Misri na Sudan ziliomba msaada, na tarehe 8 Machi 1960 shirika la UNESCO liliyatangazia mataifa yote kwamba kazi hizi za kale ni mali ya wanadamu wote, na kila taifa linaombwa lichange. Mataifa yaliitika, hata yale yaliyokuwa yakigombana wakati ule. Kazi nzima ya kuokoa makumbusho ya Nubia iligharimu kama dola milioni 80, na nusu yake ilichangwa na nchi zipatazo 50.

MSUMENO NA WINCHI

Mashauri mengi yalitolewa. Lililokubaliwa mwishowe lilionekana kuwa la hatari kuliko yote: mahekalu yakatwe vipande, yapandishwe, yaunganishwe tena. Kwanza ulijengwa ukuta wa kuyazuia maji ya ziwa, maana yalikuwa yamekwisha karibia. Kisha, tangu mwaka 1965, mafundi walianza kukata. Miongoni mwao walikuwamo wachonga marumaru kutoka Carrara, nchini Italia, waliotumia misumeno ya mkono mahali pa nyuso na michoro, ili alama ya msumeno isionekane. Walipata vipande zaidi ya 1,000, vingine vyenye uzito wa tani 30. Kila kipande kilitiwa namba, kikachukuliwa polepole kwa winchi na magari, kikawekwa akiba hata zamu yake ifike.

Mahekalu yalisimamishwa upya mita 65 juu ya mahali pake pa kwanza, na kiasi cha mita 200 nyuma, mbali na maji. Nyuma yake ulijengwa mlima wa kubuni juu ya kuba la zege. Yalielekezwa upande ule ule yaliokuwa yakielekea zamani, hata jua la Februari na Oktoba likaendelea kuingia ndani. Sanamu iliyovunjika nayo ilipandishwa vile vile ilivyokuwa, na kichwa chake kikalazwa miguuni pake kama kwanza. Tarehe 22 Septemba 1968 sherehe ya kufungua ilifanyika.

WENYE NYUMBA

Sasa turudi kwa Wanubi. Lile bwawa la kwanza lilikuwa limekwisha kuwaondoa mara tatu: lilipojengwa, na kila ukuta ulipoongezwa. Kila mara walipoteza mitende yao na mashamba yao ya ukingoni, wakapanda mlimani na kujenga tena. Nyumba zao zilikuwa pana, za udongo, zenye ua ndani, na wanawake walizipamba kuta kwa rangi na kwa sahani zilizobandikwa juu ya mlango. Bwawa Kuu halikuwaachia mlima wa kupanda. Kati ya Oktoba 1963 na Juni 1964 kama watu 50,000 wa upande wa Misri walihamishwa kwa meli, treni na magari, wakapelekwa Kom Ombo, kaskazini ya Aswan. Wengine idadi kama hiyo, wa Wadi Halfa upande wa Sudan, walipelekwa Khashm el-Girba, mamia ya kilomita mbali na Naili. Kabla ya kuondoka watu walikwenda makaburini kuwaaga wafu wao.

Huko walikohamishiwa walikuta nyumba zilizopangwa safu safu, zimebanana, mbali na mto. Watoto wadogo na wazee wengi walifariki katika siku zile za kwanza. Hamza El Din, mwimbaji na mpiga udi mashuhuri aliyezaliwa Toshka mwaka 1929, alizunguka vijijini kabla ya maji kufika, akikusanya nyimbo za watu wake. Kijiji chake mwenyewe kilizama. Yeye alifariki mwaka 2006 nchini Marekani, nazo nyimbo zingalipo.

Tafadhali, msomaji, yalinganishe mambo hayo mawili. Jiwe lilitiwa namba, likapimwa, likarudishwa mahali pake likielekea upande wake wa zamani. Mwenye nyumba alipewa kiwanja kisichoelekea mto wake. Katiba ya Misri ya mwaka 2014 iliahidi kwamba serikali ingefanya mipango ya kuwarudisha Wanubi katika nchi zao za asili katika muda wa miaka kumi. Miaka hiyo imekwisha kupita, na wengi wangali huko huko walikopelekwa.

JIBU LANGU

Je, basi aliyeniuliza swali ana haki? Nasema ana haki nusu. Yeye ayaweka mawe upande mmoja na watu upande wa pili, kana kwamba ukiyatunza haya lazima uwaache wale. Abu Simbel yaonyesha kinyume. Fedha zilipatikana, ujuzi ulipatikana, na mataifa yaliyotazamana kwa macho makali yalifanya kazi pamoja. Kama uangalifu wa namna ile ungalitumika kumsikiliza Mnubi juu ya nyumba yake, mto wake na makaburi yake, asingalihamishwa kama mzigo. Kosa halikuwa kuokoa mawe. Kosa lilikuwa kuishia hapo.

Wala tusidhani kwamba faida ya kazi ile ilibaki Misri. Jambo la mataifa kuchanga kwa ajili ya urithi wa wote ndilo lililosaidia kuleta mkataba wa mwaka 1972 wa kulinda urithi wa dunia. Kwa mkataba huo Abu Simbel iliandikwa katika orodha mwaka 1979. Kwa mkataba huo huo ziliandikwa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981, Lamu mwaka 2001, Ngome ya Yesu mwaka 2011, na magofu ya Gedi mwaka 2024. Na katika Lamu watu wangali wanaishi, wanasali na kufanya biashara ndani ya urithi wao. Hapo ndipo jiwe na mtu hukaa pamoja, na ni wajibu wetu wasitenganishwe.

SHAURI KWA MSAFIRI

Atakayejaliwa kufika Misri na achague miezi ya Novemba hata Februari, maana jua la Nubia wakati wa kiangazi halina huruma. Kutoka Cairo treni huenda Aswan, na kutoka Aswan kuna barabara ya kama kilomita 300 kupita jangwani, au ndege. Wageni wengi huondoka Aswan kabla ya alfajiri, wakatazama mahekalu kwa saa mbili, wakarudi mbio mbio. Asifanye hivyo. Apate kwanza siku moja ya kuingia katika Jumba la Makumbusho la Nubia, lililofunguliwa Aswan mwaka 1997, akaone nchi ile ilivyokuwa kabla ya maji. Kisha avuke mto aende katika vijiji vya Wanubi vya upande wa magharibi, apige hodi kwa adabu, anywe chai, amwulize mzee wa pale kijiji cha baba yake kilikuwa wapi.

Mzee huyo huenda akanyosha mkono kuelekea ziwani. Hapo msafiri ataelewa kwamba ameona nusu ya Abu Simbel kwa macho, na nusu ya pili ameisikia kwa masikio. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mwenye masikio pia asisahau kuyatumia.

Kwaherini hata tutakapoonana tena.