Maoni: Kasongo na Kabambare hazina volkano, lakini zina mpunga

Kila anayejenga Kasongo ama Kabambare anajua: simenti inatoka mbali, na barabara ikiharibika bei inapanda. Hapo fundi anapunguza simenti, anaongeza mchanga, na ukuta unapasuka mapema.

Kuna njia ya kupunguza simenti bila kuharibu kazi. Nchini Kenya, Uganda na Tanzania, viwanda vinachanganya simenti na majivu au mawe ya volkano yaliyosagwa. Simenti ikikutana na maji inatoa chokaa. Majivu yanashikana na chokaa hiyo na kuwa gundi ya pili. Warumi walijenga kwa majivu hayo na chokaa miaka 2,000 iliyopita, na majengo yao mengine yangali yamesimama. Soma mfuko wako: ukiandikwa CEM II/B-P, herufi P ni ya volkano, asilimia 21 hadi 35.

Sisi hatuna Nyiragongo. Kuleta majivu kutoka Goma ni kurudi kwenye barabara ileile mbovu. Lakini Kasongo inalima mpunga tangu enzi za Tippu Tip, na maganda yanatupwa nyuma ya mashine. Maganda hayo yakichomwa kwa moto wa kiasi, usiozidi nyuzi 700 hivi, kisha yakasagwa laini, majivu yake yanafanya kazi ileile. Tani 1 ya mpunga inatoa karibu kilo 200 za maganda, na kilo 40 za majivu. Ni kidogo, ndiyo. Lakini udongo wa mfinyanzi, ukichomwa na kusagwa, unaweza kujaza pengo.

Tusidanganyane: majivu ya jikoni hayafai, na moto mkali kupita kiasi unaua nguvu ya maganda. Tena beto ya namna hii inakomaa polepole. Inataka kumwagiliwa maji siku 7 au zaidi. Asiyepima asiitie kwenye nguzo.

Ndiyo maana ninasema kazi hii isiachwe kwa fundi peke yake. Serikali inajenga shule na vituo vya afya kupitia mpango wa maendeleo ya wilaya 145, na Kasongo na Kabambare zimo. Jimbo litoe pesa kidogo, Chuo Kikuu cha Kindu kifanye majaribio, na OCC ipime nguvu ya beto. Tuanze na sakafu na matofali, si nguzo wala dari.

Wanaokaa chini ya kuta hizo ni watoto wetu.