Si Mkono Wako, ni Chungu



Kuna maneno tunayasikia sana likizungumzwa suala la maua: "Mimi sina mkono wa kupanda." Mtu kanunua gadenia ina matumba yake, kaiweka kibarazani, baada ya wiki chache majani manjano, matumba yamedondoka, mti umekufa. Anajilaumu, na majirani wanamsaidia kujilaumu. Sisi tunasema mkono hauna kosa. Tazameni kwanza chungu.

Gadenia si mwasumini. Ni kweli harufu zao zinakaribiana, na hata jina lake la kitaalamu, Gardenia jasminoides, lina maana ya gadenia inayofanana na asumini. Lakini tabia ni mbali mbali. Gadenia asili yake ni China na nchi za jirani, na inapenda udongo wenye asidi kidogo, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Sisi wa visiwani sehemu kubwa ya ardhi yetu, hasa mashariki na kusini ya Unguja, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya visima vingi nayo yana chokaa; ushahidi ni ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Kwenye chokaa nyingi gadenia hushindwa kuvuta madini ya chuma. Jani jipya linakuwa manjano, mishipa yake inabaki kijani. Mwenye mti anadhani ni kiu, anazidisha maji, na mizizi inaoza.

Ndiyo maana tunavilalamikia vyungu vya saruji. Vimekuwa fasheni: vimenakshiwa, vimepakwa rangi, vinapanga foleni mlangoni. Saruji mpya hutoa chokaa kidogo kidogo kila unapomwagia maji. Unampa gadenia kile kile anachokikimbia, tena kwa pesa nyingi. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kama umeshakinunua, usikitupe. Kipandie mshubiri, ambao hautajali. Au tia gadenia kwenye chombo cha plastiki kisha ukiingize ndani ya kile cha saruji, mradi maji yasituame chini.

Chombo tunachokipenda sisi ni cha udongo wa kufinyanga kisichopakwa rangi. Sote tunaujua mtungi: unatoa jasho, na maji ya ndani yanapoa. Chungu cha udongo hufanya hivyo hivyo kwa mizizi. Kinapumua, hakichemki juani, na uzito wake unakisaidia kisianguke upepo wa kusi ukivuma. Aibu yake ni moja: kinakauka haraka. Wakati wa kaskazi utaingiza kidole kwenye udongo kila asubuhi, na ukikuta pakavu unamwagilia. Asiye na nafasi hiyo, au anayeishi ghorofani na hawezi kubeba mzigo, achukue plastiki.

Na kwa plastiki hatuoni haya kusema kwamba ndoo nyeupe ya rangi, ikioshwa vizuri na kutobolewa, ni bora kuliko chungu cha saruji cha bei kubwa. Nyeupe, kwa sababu nyeusi inameza joto la jua. Makopo ya bati tunayaweka nyuma kabisa: yanachemka, yanashika kutu.

Tundu ni lazima. Kwenye ndoo toboa matano kwa msumari wa moto, moja katikati na manne pembeni. Halafu acheni mazoea ya kujaza mawe chini "ili maji yapite". Hayasaidii. Maji hukaa kwenye udongo ulio juu ya mawe, na mizizi inapunguziwa nafasi. Tena mawe yetu mengi ni yale yale ya chokaa. Funika tundu kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, udongo hautoki na maji yanapita. Kisahani cha chini kimwage baada ya kumwagilia, maana mbu wa dengi hutaga humo.

Kwenye ukubwa tunaongea kama washonaji. Nguo hukatwa kwa mwili uliopo, na ziada kidogo ya upindo. Mti uliotoka kwenye kiriba chake uutafutie chombo kinachozidi kwa vidole viwili kila upande, basi. Ukiutia kwenye pipa, ni kumvisha mtoto kanzu ya baba yake: udongo ambao mizizi haijaufikia unakaa umelowa masika nzima, na kuoza kunaanzia hapo. Mizizi ikianza kuchungulia kwenye matundu, uhamishe kwenye chombo kikubwa zaidi kidogo. Usiuhamishe ukiwa na matumba. Gadenia ikisumbuliwa wakati huo, huyadondosha.

Ndani ya chungu tia mboji ya majani iliyooza vizuri, ichanganye na vumbi la makumbi. Kama makumbi yalifukiwa pwani kwa ajili ya usumba, yana chumvi. Yaoshe kwa maji baridi mara kadhaa. Na ndoo ya kukinga mvua chini ya paa ni rafiki mkubwa wa gadenia, kwani maji ya mvua hayana chokaa.

Tutaambiwa tunakuza jambo, ua ni ua tu. Lakini mche huu una bei, na wengi wanaununua kwa pesa ya vitumbua, ya mishono, ya mchezo. Kuufia mikononi kila mwaka na kununua mwingine ni israfu, na kumwambia mwanamke kwamba ana mkono mbaya ni kumdhulumu kwa kosa la chombo. Ukienda tena kununua, dada, usianze kuuliza nakshi. Kipindue chungu, tazama chini, uhesabu matundu. Hakina? Kirudishe.